Usingizi ukigoma, uliza kwanza umegoma saa ngapi

Mtu akisema "mimi siku hizi silali" mara nyingi anaishia hapo hapo, na anayemsikiliza naye anarukia tiba, mara kunywa maziwa ya moto, mara meza Piriton, mara acha mawazo, mara twende ukaombewe. Nimefanya shifti ya usiku miaka mitatu kwenye kufungasha maua huku upande wa Usa River, Arusha, usingizi wangu ukavurugika mpaka nikawa nalia kwa vitu vidogo, na katika kuhangaika kusoma na kuuliza watu wa afya kuna kitu kimoja nimekishika na ndo nataka nikigawe hapa: "silali" sio ugonjwa mmoja. Kuna anayepanda kitandani saa 4 na mpaka saa 8 bado anahesabu mabati, kuna anayelala kama gogo alafu saa 9 usiku macho yanafunguka yenyewe, na kuna anayelala masaa 8 mazima ila anaamka kachoka kama katoka kulima. Hao watatu hawaumwi kitu kimoja, na dawa ya huyu inaweza kumharibia yule. Kwaiyo kabla hujauliza "nitumie nini" jibu kwanza usingizi unagoma saa ngapi, manake saa ndo inakuonesha kilichoharibika ni kipi.

Vitu viwili vinavyokulaza

Nitavieleza haraka manake bila kuvijua utakuwa unabahatisha tu.

Cha kwanza ni deni. Tangu unapofungua macho asubuhi kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya ubongoni kidogo kidogo, na kadri inavojaa ndo kope zinavokuwa nzito, ukilala inashuka. Ndo maana ukilala mchana masaa mawili usiku unakosa usingizi, deni ushalilipa. Kahawa hailipi hilo deni hata senti, kafeini inachofanya ni kukaa kwenye kile kiti ambacho adenosini ilitakiwa ikae, basi ubongo haupati taarifa kwamba umechoka, ila deni lenyewe linaendelea kukua.

Cha pili ni saa. Na naposema saa namaanisha saa kweli, ipo ndani ya ubongo juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kijisehemu kidogo sana chenye seli kama 20,000 tu. Seli zenyewe zinahesabu muda kwa jeni zake. Hili waliligundua kwa kutumia wale vijinzi vidogo vinavozunguka ndizi mbivu jikoni: kuna jeni inatengeneza protini, protini inajaa usiku, ikishajaa inaizima jeni iliyoitengeneza, mchana inaoza, jeni inawaka tena, mzunguko mzima unachukua karibu masaa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Nobel mwaka 2017 kwa kazi hiyo. Sisi tunayo mashine ya aina hiyo hiyo.

Sasa tatizo la hii saa ni kwamba haiko sawasawa na siku. Mwaka 1999 watafiti wa Harvard walipima watu wakapata wastani wa masaa 24 na dakika 11, yaani ukiiacha peke yake inachelewa kila siku. Kabla ya hapo, 1962, Mfaransa Michel Siffre alikaa miezi miwili kwenye pango la milima ya Alps bila saa wala jua, analala akijisikia, anakula akijisikia, na walipoenda kumtoa tarehe 14 Septemba hesabu zake yeye zilikuwa zinamwambia ni tarehe 20 Agosti. Kwaiyo saa ya ndani lazima iwekwe sawa kila siku, na kinachoiweka ni mwanga, hasa wa asubuhi. Nyuma ya jicho kuna seli maalumu ambazo kazi yake kubwa sio kukuonesha vitu, ni kupima mwanga, na zinapenda sana rangi ya bluu ya anga.

Na hapa ndo napenda lugha yetu. Mzungu anaanza kuhesabu siku yake katikati ya usiku, sisi tunaanza jua linapochomoza, saa 1 ni lisaa limoja baada ya kucha. Saa ya ubongo inahesabu hivo hivo kama sisi. Ukipata mwanga wa nguvu saa 1 asubuhi, baada ya kama masaa 14 melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia, inakuwa inaanza kupanda, na kuanzia saa 4 hivi usingizi unakuja bila kuuita. Huku kwetu tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, jua linachomoza kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, hamna mambo ya baridi kuja na giza la saa 3 asubuhi kama Ulaya. Wenzetu wananunua taa za kuwaamsha, sisi tunafungua mlango.

"Nimepanda saa 4, saa 8 bado macho makavu"

Hapa saa yako imechelewa, au deni halijatosha, au umeweka kizuizi. Angalia kwa mpangilio huu.

Asubuhi yako iko wapi? Swali la kwanza kabisa, na watu wanalidharau. Mtu anatoka nyumbani saa 12 giza giza, anaingia kwenye kifodi, anashuka Kilombero, anaingia dukani mpaka jioni. Ndani ya duka mwanga unaoingia machoni ni laksi (kipimo cha mwanga) 100 mpaka 300 hivi. Nje, hata ile Julai ya Arusha, mlima Meru umejifunika wiki nzima na kila mtu kavaa sweta, unapata maelfu ya laksi. Jicho linadanganya, linajirekebisha hivo unaona kama tofauti ni ndogo, lakini kwa ile saa ya ndani kukaa dukani ni sawa na kukaa jioni siku nzima. Dawa: dakika 20 mpaka 30 nje kabla ya saa 3 asubuhi, bila miwani ya jua, kila siku, hata kama unafagia uwanja au unakunywa chai kibarazani. Usiliangalie jua lenyewe, anga inatosha. Nipeni wiki mbili na hili peke yake kabla hamjagusa kitu kingine.

Usiku nyumba yako inawaka kiasi gani? Simu inasemwa sana, na mimi naona inaonewa kidogo. Mwanga wa skrini ni mdogo kuliko ile balbu nyeupe ya darini inayowaka mpaka dakika unayopanda kitandani. Kinachokukesheza kwenye simu zaidi ni maneno yaliyomo, ugomvi wa grupu la familia, deni la kikoba, video moja inaita nyingine. Saa 3 zima balbu kubwa, bakiza taa ndogo ya rangi ya njano, simu iache chaji sebuleni.

Kafeini. Nusu ya uliyokunywa inabaki mwilini baada ya kama masaa 5, kwaiyo kikombe cha saa 11 jioni saa 4 usiku nusu yake bado iko kwenye damu. Wazee wa kijiweni Moshi wanaokunywa kahawa chungu na kashata jioni watakwambia "mimi nakunywa na nalala", na wapo kweli, manake watu wanatofautiana. Mvutaji sigara anaimaliza haraka. Mwanamke mjamzito au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango anaimaliza pole pole sana, inaweza kukaa mara mbili ya muda, na hili dada zangu wengi hawajaambiwa. Kinywaji cha enaji hesabu humo humo, chai pia ila kidogo. Mirungi ni habari nyingine, ni kosa kisheria na ni kichochezi, usitegemee usingizi wa maana siku hiyo.

Miguu ya baridi. Hii sikuiamini. Ili ulale mwili lazima upunguze joto la ndani, na unalitolea mikononi na miguuni, mishipa ya damu inatanuka huko, joto linatoka. Miguu ikiwa barafu mishipa imejibana, joto limefungiwa ndani. Watafiti wa Uswisi walionesha 1999 kwamba mtu ambaye miguu na mikono yake imepata joto analala haraka. Kwa sisi tunaokaa mita 1,400 juu ya bahari, Juni na Julai, soksi au beseni la maji ya moto lisaa limoja kabla ya kulala sio mambo ya kizee.

Kitanda kimekuwa ofisi ya mawazo. Kama umelala macho kwa dakika kama 20 hivi, usipigane. Toka, kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, fanya kitu kisicho na raha wala hasira, rudi ukisinzia. Unaufundisha ubongo upya kwamba kitanda ni cha usingizi. Inachosha siku tatu nne za mwanzo, vumilia.

Na kijana wa sekondari usimuite mvivu. Mtoto akibalehe saa yake inasogea mbele yenyewe, saa 4 usiku kwake ni kama saa 2 kwako, alafu kengele ya bweni inapigwa saa 10 na nusu alfajiri akapige msuli. Huyo anadaiwa kila siku. Jumamosi anapolala mpaka saa 4 asubuhi anajaribu kulipa, ila saa inazidi kuchelewa, Jumatatu inamuua. Mwamshe saa 2, mpeleke nje.

"Nalala vizuri, saa 8 au saa 9 usiku macho kodo"

Baba yangu mdogo anakaa Kibosho. Mwaka juzi mama mdogo akanipigia kwamba mzee ana kitu kinamwamsha kila usiku saa ile ile, ameshachinja mbuzi, bado. Nikapanda kumwona. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda nje ya jiko, macho mekundu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umesikia habari zangu?"

Nikamuuliza, baba unapanda saa ngapi? Akasema si nikishakula, huku baridi, taarifa ya habari ikiisha tu, saa 2 na nusu. Na unaamka? Saa 8 na nusu, kamili, kama nimeitwa. Nikamshika mkono tukahesabu vidole pamoja, saa tatu, saa nne, saa tano, mpaka saa nane. Masaa 6. Mchana je? Akaangalia migomba, akasema pale chini huwa najipumzisha. Lisaa, lisaa na nusu. Jumla masaa 7 mpaka 7 na nusu, na ana miaka 71. Mzee alikuwa analala kamili, ila alikuwa amelala mapema kuliko usiku wenyewe.

Umri ukienda saa ya ndani inarudi nyuma, usingizi unakuja mapema na kuisha mapema, na usingizi mzito unapungua. Tukafanya hivi: kupumzika migombani mwisho dakika 20 na iwe kabla ya saa 8 mchana, saa 10 mpaka saa 12 jioni akae nje upande wa jua, sebuleni taa iwake vizuri mpaka saa 3 na nusu, kupanda saa 4. Mwanga wa jioni unaisukuma saa mbele, wa asubuhi unairudisha nyuma, kwaiyo yeye dawa yake ni kinyume kabisa na ya yule wa kwanza, ndo nilichosema mwanzo kwamba dawa ya huyu inamharibia yule. Ndani ya wiki tatu akawa anaamka saa 10 na robo.

Kulikuwa na kitu kingine pia. Alikuwa anameza Piriton mbili kila usiku, kuna mtu alimshauri. Ile dawa ni ya mzio, inasinzisha kweli, lakini inakaa mwilini muda mrefu sana, kesho yake unatembea nayo, wazee inawachanganya akili na mwenye tezi dume inambania mkojo. Na alikuwa anaamka kukojoa mara tatu! Tukaiacha, akaenda hospitali wakamwangalia tezi na sukari. Kuamka kukojoa mara nyingi usiguse usingizi kabla hujapima hivyo viwili.

Pombe. Glasi mbili za mbege au bia kadhaa zinakulaza haraka, sikatai. Ila ini likishamaliza kuichoma, masaa manne matano baadaye, ubongo unaruka juu kama spring'i, usingizi wa nusu ya pili unakatika katika na ndoto zinakuja za vurugu. Anayeamka saa 9 moyo unamdunda baada ya kunywa saa 3 asitafute sababu nyingine.

Ila kama hunywi, hulali mapema, na unaamka saa 9 au saa 10 kila siku huku umejaa huzuni, chakula hakina ladha, hutaki watu, asubuhi ndo mbaya kuliko jioni, hiyo inaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa unaotibika. Usiukalie kimya. Mwambie mtu leo, nenda kituo cha afya, na kama mawazo ya kujidhuru yanapita kichwani usilale peke yako usiku huo.

Na kuna kuamka ambako sio tatizo. Usingizi unaenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, mwanzo wa usiku mizito, mwisho wa usiku ndoto nyingi, na kati ya mzunguko na mzunguko watu wengi huwa wanafumbua macho. Wahadzabe wa huku kwetu Eyasi waliwahi kuvalishwa vipimo mkononi, watu wazima 33 kwa siku 20, matokeo yakatoka 2017: katika usiku wote huo dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Muda wote uliobaki kuna mtu yuko macho. Wanaona ni kawaida, wanageuka upande wanaendelea. Kwaiyo ukiamka saa 8 usiangalie simu kuona ni saa ngapi, ukishaona tu unaanza kupiga hesabu za masaa yaliyobaki na hizo hesabu ndo zinazokuamsha moja kwa moja.

"Nalala masaa 8, naamka nimechoka"

Hapa idadi iko sawa, ubora ndo umeharibika. Muulize unayelala naye. Je, unakoroma kwa kukata, yaani mkoromo mkubwa, alafu kimya cha sekunde kumi na zaidi, alafu unashtuka unavuta hewa kama uliyezama? Koo linajifunga ukiwa umelala, oksijeni inashuka, ubongo unakushtua sekunde chache koo lifunguke, unarudi kulala, na hii inaweza kutokea mara nyingi sana kwa lisaa na asubuhi hukumbuki hata moja. Unaamka kichwa kinauma, mdomo mkavu, mchana unasinzia ukiongea na watu, na presha inagoma kushuka hata na dawa. Kama unalala peke yako washa simu irekodi sauti usiku mmoja, hiyo rekodi mpelekee daktari, usione aibu. Kulala ubavu, kupunguza uzito na kuacha pombe ya usiku vinasaidia, wengine wanahitaji mashine ya kupuliza hewa kwa kinyago. Dawa za usingizi kwa mtu huyu ni hatari, zinalegeza koo zaidi.

Nyingine ni miguu. Jioni ukitulia inaanza kuwasha kwa ndani, kuchachatika, lazima uitikise, ukitembea inaacha, ukilala inarudi. Mara nyingi akiba ya madini ya chuma iko chini, hasa wajawazito na wenye hedhi nzito. Pima damu, omba waangalie akiba ya chuma sio wingi wa damu tu, na chai usiinywe pamoja na chakula manake inazuia chuma kuingia.

Wa shifti ya usiku

Walinzi, manesi, wa maua, wa viwandani. Mnatoka saa 1 asubuhi, jua la Usa River linakupiga usoni moja kwa moja, saa ya ubongo inasema kumekucha, unafika, unalala saa 3, saa 6 mchana macho yako wazi. Deni lipo ila saa inakukatalia. Mimi nilikata maboksi mazito ya kufungashia maua nikayabandika dirishani kwa seloteipu, nikaziba hata ule mwanya wa juu ya mlango ambao mwanga ulikuwa unachora mstari mmoja mwembamba ukutani, na kutoka kazini nikawa navaa kofia kubwa na miwani ya giza (kwa abiria tu hii, anayeendesha mwenyewe asijaribu). Nikatoka masaa matatu mpaka matano. Yaliyobaki nikayapata kwa kulala tena saa 11 jioni kabla ya kuingia. Kazini mwanga uwe mkubwa nusu ya kwanza ya shifti, kahawa mwisho saa 7 usiku, chakula kizito usile saa 9 usiku, ini nalo lina saa yake na muda huo limelala.

Zile shifti za kubadilisha kila wiki, wiki hii usiku wiki ijayo asubuhi, nazisema wazi: zinaumiza. Saa ya ndani inasogea taratibu, kama lisaa limoja kwa siku hivi, kwaiyo inapokaribia kufika mnaigeuza tena. Msimamizi unayesoma hapa, kama lazima mzunguke basi mzungushe kwenda mbele, asubuhi, jioni, usiku, mwili unachelewa kirahisi kuliko kuwahi.

Wa mlimani

Mgeni wako au mgumu wako (mpagazi) akisema pale Barafu, kambi ya Kilimanjaro ya mita 4,673, hakulala, alikuwa anaacha kupumua na kushtuka, mwambie inatokea kwa wengi. Hewa nyepesi inamfanya apumue kwa kasi, kabonidayoksaidi inashuka mno, ubongo unasimamisha pumzi kidogo, oksijeni inashuka, anashtuka, mzunguko unarudia. Dawa ya usingizi na pombe huko juu hapana. Kupanda taratibu ndo kinga, na kuna dawa ya acetazolamide inayotuliza upumuaji, daktari ndo aiandike. Lakini akiwa anakohoa mapovu, anashindwa kupumua amekaa, au anayumba kama mlevi, hilo sio suala la usingizi tena, ashushwe usiku huo huo.

Kukabwa na jinamizi

Unaamka, unaona chumba, unasikia watu, mwili hautikisiki, kuna uzito kifuani na mtu kasimama pembeni. Nimekabwa mara tano kipindi cha maua, najua hofu yake. Kwenye usingizi wa ndoto ubongo unazima misuli yote ya mwili isipokuwa ya macho na ya kupumulia, ili usiigize unachoota. Mara chache macho yanaamka kabla ile swichi haijawashwa, na ndoto nayo haijaisha, basi unaiota macho wazi ndani ya chumba chako mwenyewe. Inapenda aliyekosa usingizi siku nyingi, anayelala ovyo ovyo, na anayelala chali. Usipambane kuinuka, tikisa kidole kimoja cha mguu tu, kinaweza kufungua mwili wote. Sala haikatazwi, mimi nilikuwa nasali moyoni na nikaweka na mto mgongoni nisigeuke chali, vikaisha. Ila ikija pamoja na kusinzia ghafla mchana na magoti kulegea ukicheka, hiyo inaitwa narcolepsy na inahitaji daktari wa mishipa ya fahamu.

Mambo ya kutosubiri

Usingizi barabarani. Kuwa macho masaa 17 mfululizo kunakuharibu kuendesha sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Saa mbaya ni mbili, saa 9 mpaka 11 alfajiri ambapo joto la mwili liko chini kabisa, na saa 8 mpaka 10 mchana. Dereva unayeshusha wageni kutoka Serengeti, bodaboda unayekesha kwenye baa, ukishaanza kusahau kilometa ulizopita, mfano unajikuta Maji ya Chai na hukumbuki Kikatiti, tayari unalala sekunde mbili tatu macho wazi. Kufungua kioo na mziki havitibu. Paki sehemu salama, kunywa kahawa, lala dakika 20, kahawa itakuwa inaanza kufanya kazi unapoamka.

Malale. Ni nadra ila ipo kanda yetu, 2001 kuna watalii kadhaa waliotoka Tarangire na Serengeti wakakutwa nayo. Ukiwa umeng'atwa na mbung'o porini, pakatoka kidonda, homa inakuja na kuondoka, malaria inapimwa haipo, alafu mtu anaanza kulala mchana na kukesha usiku, mtajie daktari neno mbung'o mwenyewe usingoje akuulize. Isipotibiwa inaua.

Na kama umejaribu ya hapo juu mwezi mzima bado, usiende hospitali mikono mitupu. Chukua daftari, wiki mbili, mistari mitano kwa siku: saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulilala, mara ulizoamka na sababu, saa ya kuamka, na pembeni andika ulichokunywa baada ya saa 8 mchana na dakika ulizokaa juani. Jaza asubuhi kwa kukadiria, usiku usiangalie saa. Daktari akipata hilo KCMC au Mount Meru anaanzia mbali sana kuliko kuambiwa "silali". La baba mdogo ni daftari la mjukuu la hesabu, kurasa za nyuma, na mstari wa mwisho alioandika unasema: nimepanda 4:05, nimeamka mara moja, jogoo wa jirani, nimelala tena, nimeamka 10:20, chai moja, jua dakika 40.